Ng'ombe wa Ukungu Naye Ana Wenyewe

Ipo alasiri moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na nitakusimulia leo kwa sababu umeniletea hadithi yako ukasema, "Bibi, soma uniambie ukweli." Nimeisoma. Nimevaa miwani nikaisoma tena. Kijana wa Issenye anasukuma jiwe kule Ikoma, anateremka chini ya mwamba, anatokea kwenye nchi ambayo jua lake ni la kijani na watu wake wanaongea na swala. Unaandika vizuri, na mimi si mtu wa kusifia ovyo, uliza hapa kijijini Nyarero. Lakini nilipofika katikati nikaanza kuhangaika. Nani anachota maji katika nchi hiyo? Wanakula nini? Na swala akishaongea na wewe asubuhi, jioni utamla vipi? Nilitafuta majibu mpaka ukurasa wa mwisho, sikuyaona. Basi kaa hapo, chukua kiazi, nikueleze kazi hii ya kuandika mambo yasiyokuwepo nilifundishwa vipi na nani.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye miji yetu ya zamani, kila mji na zizi lake katikati, tukapangwa kwenye mistari kando ya barabara kama matuta ya viazi. Kule tulikotoka kulibaki mahame: kuta zinazoanguka, migomba isiyo na mtu wa kuipalilia, na makaburi ya wazee wetu. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, binti pekee wa mtaa wetu aliyefika huko. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa katibu wa kijiji, na yeye mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana aliniita kila sikukuu nimwandikie mabango. Sijifichi, mwanangu. Nilikuwa hodari na nilijijua. Kijiji kilipotafuta mwalimu wa kisomo cha watu wazima, Mzee Matiko, aliyekuwa mwenyekiti wetu, alilitaja jina langu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

Baba yangu alifurahi na kununa kwa pamoja. Kulikuwa na familia moja ya ng'ambo ya mto iliyokuwa imeshatuma watu kuniulizia, na ng'ombe wa mahari walikuwa tayari. Kaka yangu Marwa alikuwa anawasubiri ng'ombe hao ili naye aoe, kama ilivyo desturi yetu. Kijana mwenyewe nilikuwa nimemwona mnadani, anabishana na mwanamke mmoja juu ya kuku, na sikumpenda. Lakini nani aliniuliza? Baba hakuwa mkali, ila alisema wazi, mbele ya mama na Marwa.

"Bhoke, kijiji kimekupa kazi. Siwezi kumtoa mwalimu darasani, watu watanisema. Lakini siku darasa hilo likifungwa, ng'ombe wanaingia."

Ndivyo mambo yalivyosimama. Darasa likiwa wazi, mimi ni mwalimu. Likifungwa, naenda kuwa mke wa mtu wa kuku.

Na darasa lilikuwa linakufa. Tulikutana alasiri katika shule ya msingi, watoto wakishaondoka. Akina mama walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani, wametoka kupalilia ulezi tangu asubuhi. Kitabu cha kisomo kiliwaambia kwamba pamba ni zao la biashara na kwamba choo ni afya. Walijua. Walikuwa na vyoo, na pamba waliiona kwa watu wa huko chini ziwani. Walisoma sentensi moja wakapiga miayo, na wiki iliyofuata dawati lingine likawa tupu. Wanaume waliacha mapema zaidi, wakasema jioni ina kazi zake, na kazi zake sote tulizijua. Mzee Matiko akaniita pembeni akaniambia kwamba mratibu wa elimu atakuja kutoka Tarime mjini kutupima baada ya mavuno, na asipokuta watu wanaojua kusoma, ubao na chaki vinakwenda kijiji kingine.

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Halafu asubuhi moja nikienda kisimani nikaona ukungu umejaa bondeni, na ng'ombe wa jirani anatoka ndani yake taratibu, kwanza pembe, halafu uso, halafu nundu, miguu bado haionekani. Nilisimama na ndoo yangu. Nilikuwa nimekua nikisikia hadithi za nyanya yangu jikoni, za mazimwi na sungura, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mimi naweza kutunga ya kwangu, na ya mahali hapa hapa tunapoishi. Siku hiyo nilifikiri. Nikawa na furaha hata nikasahau maji.

Alasiri nikaandika ubaoni: *Asubuhi moja ng'ombe mweupe alitoka kwenye ukungu. Binti anayeitwa Nyangi akamwokota. Nyangi alipokunywa maziwa yake alimwona bibi yake aliyekufa.* Nikaweka nukta, nikageuka, nikajipangusa chaki mikononi. Nilijiona nimefika, mwanangu. Nilisubiri wanishangilie.

Walisoma, silabi kwa silabi, na kweli hakuna aliyepiga miayo. Kisha Bibi Gati akanyoosha mkono. Huyu alikuwa mama mzee wa mtaa wa juu, mjane, mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa zamani na kuvutwa mpaka yakaning'inia. Kwa umri angeweza kunizaa mara mbili, lakini darasani aliniita mwalimu, na mimi nilimwamkia shikamoo kabla ya kumsahihisha.

"Mwalimu," akasema, "huyo ng'ombe ni wa nani?"

"Hana mwenyewe, bibi. Ni ng'ombe wa ajabu. Ametoka kwenye ukungu."

"Ukungu nimeusoma. Nauliza ni wa nani."

"Basi ni wa Nyangi, aliyemwokota."

Darasa zima likaangua kicheko. Mama Chacha, aliyekaa dawati la mbele, alijipiga paja. "Kaokota ng'ombe! Tarime hii hii? Mwalimu, tuonyeshe na sisi huko wanakookotwa!"

Bibi Gati hakucheka. "Ng'ombe asiye na mwenyewe hayupo," akasema. "Huyo ni wa wizi. Wenyewe wako njiani sasa hivi wanafuata nyayo, na zikiishia zizini kwa baba yake Nyangi, kijiji kizima kitajibu. Na wewe unatuandikia kana kwamba ni jambo la kufurahia."

Unaijua desturi hiyo, mwanangu, hata kama nyinyi wa siku hizi mnaisikia tu. Nyayo za ng'ombe aliyepotea zikiishia kwenu, ni juu yenu kuonyesha zilikoendelea, au kulipa. Kila mtu mle darasani aliijua. Mimi niliijua pia, ila sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kuingia kwenye hadithi. Nikapandisha sauti.

"Lakini bibi! Maziwa yanaonyesha watu waliokufa, hilo huliulizi, unauliza nyayo?"

"Maziwa nimeyakubali," akasema. "Sijawahi kuyanywa, nitabisha vipi? Ng'ombe ndiye ninayemjua."

Nilifuta ubao nikaenda nyumbani nimevimba. Mama aliniuliza kuna nini, nikasema hakuna kitu, nikamenya mihogo mpaka nikajikata kidole. Kilichoniuma ni kwamba Bibi Gati alikuwa na haki. Nilikuwa nimempa jambo kubwa ambalo mtu yeyote angelikataa, akalipokea kwa mikono miwili, halafu nikashindwa kwenye jambo dogo ambalo kila mtoto mchunga ng'ombe analijua. Kesho yake nikamfuata shambani kwake. Hakusimama kunipokea. Alinionyesha jembe la pili kwa kidevu, tukapalilia pamoja mstari mzima kabla hajasema neno.

"Ng'ombe waliokuja kwa ajili yangu nawajua," akasema. "Palikuwa na mwekundu mwenye pembe iliyopinda, na mweusi mwenye baka usoni, na wengine. Yule mweusi ndiye aliyemleta mke wa kaka yangu, mwekundu akabaki kwetu. Kila nilipokwenda kuwasalimu kwetu nilipita kwanza zizini nimwangalie. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda kule walikonipeleka. Lakini yule mwekundu nilimtambua, amesimama mahali pangu, anakula majani ya kwetu." Akang'oa gugu akalitupa. "Ng'ombe wako wewe hasimami mahali pa mtu. Ndiyo maana tulimcheka."

"Sasa nimpe mwenyewe gani?" nikamuuliza. "Ukunguni hakuna mtu."

"Mimi nitajuaje? Mwandishi ni wewe. Nenda ukawatafute."

Nilikwenda kuwatafuta. Nilirudi kwa njia ndefu, inayopita kwenye mahame yetu, nikakaa kwenye ukuta wa zizi letu la zamani. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka ndani. Pembeni palikuwa na kaburi la nyanya yangu. Nikawaza: sisi tulipohama, hawa hawakuhama. Walibaki na mji wao, na mashamba yao, na kwa nini wasiwe na ng'ombe wao? Nilikuwa nimewapata wenyewe, nao walikuwa watu wetu.

Basi nikaandika upya. Ng'ombe mweupe akaingia zizini kwa baba yake Nyangi, na sikio lake lilikuwa na alama ambayo vijana hawakuijua, ila wazee walipoiona walinyamaza. Nyangi alipokunywa maziwa alimwona bibi yake anapalilia ulezi kwenye mji wa zamani, jasho linamtoka, na ulezi ule ulikuwa umestawi kuliko wa kijijini. Baba yake Nyangi akafurahi, akamfungia pamoja na ng'ombe wake, akasema ni baraka. Nikaishia hapo. Bibi Gati alisoma mpaka mwisho, kidole chake kinafuata maneno hewani.

"Hao wanakuja," akasema kwa sauti ya chini. Darasa zima likaelewa anasema akina nani, na hakuna aliyecheka.

Kuanzia hapo, mwanangu, madawati hayakutosha. Kila kipindi niliandika ubao mmoja tu, kwa sababu asubuhi watoto wa shule waliufuta, na asiyefika alilazimika kuuliza kwa wengine, na wengine walimzungusha kwanza. Akina mama walileta shoga zao. Wanaume waliosema jioni ina kazi zake wakaanza kupita karibu na madirisha, kisha wakasimama, kisha nikasikia huko nje, "Mura, we kijana, sogea na mimi nisome!" Nikawaambia anayetaka kusoma aingie akae. Wakaingia. Niliwapa kwanza kitabu cha kisomo, ukurasa mmoja, wakausoma mbio mbio ili tufike kwenye ng'ombe. Wakati mwingine walibishana nami juu ya jambo fulani, majani gani yanaota kule mahame, mvua ilikuwa ya vuli au ya masika, na mara nyingi walikuwa na haki, nami nilirekebisha. Juu ya wafu hakuna hata mmoja aliyewahi kunibishia.

Lakini mwisho ulinishinda. Wenyewe walifika kwa baba yake Nyangi wakifuata nyayo, wazee wa mahame, wamevaa ngozi, wanaongea polepole. Wakasema, ng'ombe wetu amelala zizini kwako, maziwa yake mmekunywa, na wewe hukumfukuza. Kwa desturi yetu sote, mtu akipokea ng'ombe na akamfungia zizini, kuna binti anayetoka. Tupe Nyangi. Hapo nikakwama. Nikimtoa Nyangi, ninamzika. Nikimbakiza, nimevunja desturi niliyoifuata tangu mwanzo, na darasa litanicheka tena. Unafahamu mwenyewe ni nani niliyekuwa namwandika. Mimi wakati ule sikujua, au nilijifanya sijui.

Nilikuwa bado nimekwama siku mratibu alipofika. Alikuja kwa pikipiki, kijana bado, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na alionekana hajala. Mzee Matiko alikuwa ametangaza kijiji kizima kihudhurie, kwa hiyo waliokosa nafasi walijaa mlangoni na madirishani. Baba yangu alikuwa mlangoni, na Marwa nyuma yake. Mratibu aliwasalimia wananchi, akageuka, akauona ubao. Nilikuwa nimeandika kipande cha wenyewe kufika. Alikisoma mpaka mwisho.

"Ndugu mwalimu, hii ni nini?"

"Ni hadithi, ndugu mratibu."

"Nimetumwa kuangalia kisomo. Taifa limewatoa wananchi kwenye mahame liwape shule na zahanati, na wewe unawaambia kuna wazee wafu huko wanadai binti? Huu ni ushirikina, ndugu." Akachukua tambara akafuta ubao wote, mpaka pembeni. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alikuwa na kazi yake, na aliogopa wakubwa zake. Lakini nilipomtazama baba aliangalia chini.

Mratibu akafungua kitabu cha kisomo, akawasomesha mmoja mmoja. Walisoma. Mama Chacha alisoma ukurasa wa choo bila kukwama hata mara moja. Mzee mmoja aliyejiunga kwa ajili ya ng'ombe wetu alisoma polepole lakini alifika. Mratibu akaanza kulegea uso. Akasema sasa anataka kuona kuandika: kila mtu aje ubaoni aandike sentensi yake mwenyewe, yoyote anayotaka.

Mama Chacha alikwenda wa kwanza. Akashika chaki akaandika, herufi kubwa kama vikombe: *Asubuhi moja ng'ombe mweupe alitoka kwenye ukungu.*

Akarudi kukaa. Mratibu hakuweza kumkataza, maana yeye mwenyewe ndiye aliyesema sentensi yoyote. Akaja wa pili, akaandika chini yake habari ya alama ya sikio. Wa tatu akaandika maziwa. Hawakuwa wamepanga, waliniapia baadaye na ninawaamini. Kila aliyekuja aliangalia palipofika akaendelea. Mmoja aliruka kipande, watu wa dirishani wakapiga kelele, "Bado! Ulezi kwanza!" Akafuta kwa kiganja akaandika ulezi. Nilisimama pembeni, mikono imenishuka, naangalia hadithi yangu inarudi ubaoni kwa miandiko ya watu ambao mwaka uliopita waliweka dole gumba kwenye karatasi. Nimepata mambo mengi mazuri maishani, na watoto nimezaa. Sijawahi kujisikia mkubwa kama pale.

Walipofika kwenye maneno ya wenyewe, *Tupe Nyangi*, hakukuwa na kingine cha kuandika, kwa sababu mimi sikuwa nimeandika kingine. Na aliyebaki alikuwa Bibi Gati. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Nilitaka kumnong'oneza kwamba aandike tu jina lake, linatosha. Akaandika taratibu, akinyanyua chaki kila baada ya herufi:

*Nyangi akasema ng'ombe wenu huyu hapa mimi nabaki.*

Hakuweka nukta. Nilikuwa nimemfundisha nukta lakini siku hiyo hakuiweka, na sikumsahihisha. Machozi yalinitoka mbele ya mratibu na sikuyafuta.

"Kumeandikwa nini pale?" ilikuwa sauti ya baba, mlangoni. Baba hakujua kusoma.

Bibi Gati akageuka akamsomea mwenyewe, kwa sauti kubwa, akimwangalia usoni. Kila mtu pale alizijua habari za familia ya ng'ambo ya mto. Baba alikunja uso. Nilidhani amekasirika, lakini nilimfahamu baba yangu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa kwenye mikutano ya wazee kesi ikiwa ngumu.

"Hapana," akasema. "Kumrudisha ng'ombe wanaweza, sawa. Lakini maziwa wameshakunywa. Maziwa watalipa nini?"

Aliniuliza mimi. Mbele ya kijiji kizima baba yangu aliingia kwenye hadithi yangu na viatu vyake vya matairi, akabisha. Jibu lilinitoka kinywani kabla sijalipima.

"Watalipa maziwa, tata. Nyangi atakwenda kuwapalilia ulezi wao msimu mmoja, kisha atarudi nyumbani. Kwa maziwa hatutoi mtu."

Alifikiri. Wazee wengine mlangoni walifikiri pamoja naye, nilisikia wanaguna. "Hilo linawezekana," akasema baba. "Hilo ni haki." Akaondoka kwenda kunywesha ng'ombe.

Mratibu aliandika kwamba darasa liendelee. Aliniambia nje, akiwasha pikipiki, niwape kitabu cha kisomo kwanza na hadithi baadaye, na wakija wageni wengine nifute ubao mapema. Nilimwambia ndiyo, ndugu. Wiki hiyo hiyo baba alituma ujumbe ng'ambo ya mto kwamba binti yake bado ana kazi. Marwa alininunia mpaka ulezi ulipovunwa, kisha ng'ombe wa dada yetu mdogo wa upande wa baba mdogo wakafika, akaoa, akanisamehe. Mimi niliolewa baadaye sana, na mtu niliyemtaka, na ng'ombe wangu walipoingia niliwapitia mmoja mmoja nikawajua.

Tangu hapo nimeandika hadithi nyingi za mambo yasiyokuwepo. Mtu aliyebeba kivuli cha kaka yake mpaka Sirari, kisima kilichokumbuka majina ya waliokunywa, na nyingine ambazo watu wa hapa wanazisimulia siku hizi wakidhani ni za nyanya zao. Siwasahihishi. Hilo najivunia kuliko zile zilizochapwa.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike, mwanangu. Msomaji hatakunyima ajabu. Atakupa jua la kijani, atakupa swala wanaoongea, atayameza bila kutafuna, kwa sababu hajawahi kuyaona na hawezi kubisha. Lakini atakudai yale anayoyajua: maji, njaa, nani ni wa nani, nani atalipa. Ukimdhulumu hapo atakurudishia na ajabu yako yote. Kwa hiyo ukishaota jambo kubwa, usikimbilie kuota lingine juu yake. Kaa na hilo moja, ulizungukie, uliulize lilitoka kwa nani na limekuja kudai nini, na usikubali jibu la haraka. Ukifuata nyayo zake kwa uaminifu zitakufikisha mlangoni kwako, na hapo utaogopa. Andika hivyo hivyo. Na ukiandika, soma mbele za watu, ukae kimya wanapobisha, kwa maana mtu anayebishana na hadithi yako ameshaingia ndani yake na amefunga mlango. Usimfukuze kwa kumwambia kwamba ni ajabu tu. Na kamwe usimweleze ilikuwa na maana gani. Bibi Gati hakunieleza, na mpaka leo bado ninaifikiria.

Haya, mwanangu, Mungu akubariki na mkono wako. Akupe wasomaji wabishi, wanaokaa mbele na kunyoosha mkono. Akulinde usije ukasifiwa upesi. Na siku utakapofika mahali usipojua mwisho, akusimamishie mtu anayeujua, akupe na moyo wa kumwachia chaki.